Changarawe Kilimani

Alhamisi, 1 Februari

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata mbwa wako, kama una mazoea ya kuzungumza naye. Mimi ni Tuukka Pelkonen, karani wa masjala wa manispaa ya Kuikkalampi. Neno moja likivuja nimekwisha.

Mkataba wangu unamalizika mwisho wa mwezi. Wa Henriikka, karani wa meza ya pili, vilevile. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Leo mkuu wetu Marjukka ametuita. Jumapili ya tarehe 11 familia zote zitatoka kuteleza kwenye theluji, kama kila mwaka kabla ya Kwaresima. Henriikka atasimamia kilima. Mimi nitasimamia kigari cha mzunguko, kile cha kutelezea kisicho na magurudumu, kwenye ziwa lililoganda. Atakayefurahisha familia zaidi ndiye atakayebaki. Marjukka alisema hivyo akicheka. Henriikka naye akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 3 Februari

Ziwani na Urho, mzee wa matengenezo. Tumetoboa barafu, tukasimamisha mlingoti, tukamwaga maji yagande kuuzunguka. Juu yake boriti ndefu, na kigari mwisho wa boriti. Mtu anasukuma upande wa pili, mtoto anazunguka kama nzi kwenye taa. Nilipima unene wa barafu mara kumi na moja. Sentimita arobaini na mbili, kila mara. Urho akaniuliza kama nadhani itapungua nikiikodolea macho.

Usiku nimeandaa fomu ya wazazi ya kukubali hatari zote. Kurasa nne. Nimeridhika.

Jumatatu, 5 Februari

Balaa! Henriikka atapika supu ya njegere. Ataleta kigari cha babu yake cha kubeba watu wanane. Atawafundisha watoto kupiga ule ukelele wa zamani, “Kitani kirefu!”, maana wazee waliamini kadiri unavyoteleza mbali ndivyo kitani, ule mmea wa nyuzi za nguo, kinavyorefuka shambani. Hapa hakuna aliyelima kitani tangu bibi yangu azaliwe, lakini familia zitapenda. Tena ataleta skonzi za krimu zenye jamu na zenye lozi. Zote mbili! Mji huu umegombana miaka na miaka kuhusu ipi ndiyo halali, naye atapendwa na kambi zote.

Dirishani naona kilima. Watoto wamekwisha kujaa. Ziwani kwangu: kunguru mmoja. Baadaye akaondoka.

Jumatano, 7 Februari

Nina mpango. Njia ya kupandia kilimani inateleza. Hilo ni kweli, mimi si mwongo! Raia mwenye wasiwasi anaweza kuiandikia manispaa kuomba changarawe. Basi nikawa raia mwenye wasiwasi. Niliandika kwa mkono wa kushoto, bila jina: “Kilima kinateleza mno. Tafadhali mwageni changarawe.” Saa sita nikaitia barua hiyo kwenye sanduku la barua la manispaa. Saa saba nikaitoa humo humo, kwa kuwa kufungua sanduku ni kazi yangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka sheria. Kila barua inayoingia lazima isajiliwe, na mwananchi yeyote ana haki ya kusoma daftari la masjala. Nilijaribu kumpelekea Urho barua isiyo na namba. Miguu ilikataa. Barua isiyo na namba! Nikarudi, nikaisajili: namba 64. Ikabaki sehemu ya jina la mwandishi. Miaka miwili sijawahi kuacha nafasi tupu. Nikaandika: T. Pelkonen.

Lakini nani husoma daftari la masjala? Hakuna.

Ijumaa, 9 Februari

Urho alikuja na barua mkononi, akauliza kama ni njia tu au kilima chote. Nilimwambia barua inasema kilima. “Haya bwana, mwenye kalamu ni wewe,” akasema, akaenda kumwaga. Tani mbili.

Nilifurahi kwa robo saa. Kisha nikamwona msichana mdogo juu kileleni amekaa kwenye kigari chake cha plastiki. Akajisukuma. Kigari hakikwenda. Akajisukuma tena. Sikuweza kula.

Jumapili, 11 Februari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Watu mia mbili wamesimama mbele ya kilima cha kahawia. Watoto wanalia. Henriikka akafumba macho kidogo, kisha akapanda juu ya ndoo: “Jamani, kilima kimeharibika, ziwa lipo! Twendeni wote kwa Tuukka!”

Wakaja. Kwangu! Nikajua nimeshinda.

Nikagawa fomu. Wino ukaganda ndani ya kalamu. Baba mmoja akasema, “Ndugu karani, huyu mtoto ataota ndevu kabla sijafika ukurasa wa tatu.” Henriikka akazikusanya fomu, akazitumia kuwasha moto wa supu. Watu wakapiga makofi.

Ili kuonyesha kigari ni salama, nikakaa mwenyewe. Urho akasukuma. Sikujua mzee yule ana nguvu vile! Mzunguko wa kwanza nikapoteza kofia, wa pili miwani, wa tatu kifungua kinywa. Kila nilipopita watoto walipiga kelele, “Kitani kirefu!”

Familia zimeondoka jioni zikiwa na furaha kubwa. Zote zilimshukuru Henriikka. Mtoto mmoja alinishukuru mimi. Aliomba nitapike tena.

Jumatatu, 12 Februari

Mzazi mmoja alitaka kujua nani aliagiza changarawe. Marjukka akafungua daftari la masjala. Hakuhitaji hata dakika moja.

Aliuliza kama mwandishi wa namba 64 ni mimi. Nikasema ndiyo. Aliyeipokea? Mimi. Aliyeipeleka kwa Urho? Mimi. Akalifunga daftari. Kisha akasema katika miaka thelathini ya kazi hajaona hujuma iliyosajiliwa vizuri namna ile. Nafasi ni ya Henriikka.

Henriikka hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniwekea mezani skonzi ya lozi. “Ungeniambia tu unaogopa, Tuukka. Mimi pia silali.” Nilikwenda kulia chooni.

Jumatano, 14 Februari

Nimetafakari kwa makini na nimeligundua kosa langu. Nilifanya kazi peke yangu.

Usharika wa kanisa unatafuta karani. Wiki ya likizo ya shule wataandaa mbio za familia za kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni, na mwombaji mwingine ndiye atakayetengeneza njia. Njia hupotea kirahisi theluji ikianguka. Au ikisaidiwa kuanguka. Nahitaji msaidizi mwenye koleo na mdomo mzito.

Kama ni wewe, usinipigie simu ofisini. Njoo ziwani Ijumaa saa kumi jioni, simama karibu na mlingoti, useme unatafuta sangara. Ukisahau maneno hayo usihofu. Nimeyabandika kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyakula, chini ya tangazo la paka aliyepotea, pamoja na mpango wote, anwani yangu, na sahihi.