Malalamiko Dhidi ya Taa ya Samaki Iliyozeeka Kazini

Meza ya Mapokezi,
Bugolobi, Kampala.
Jumatano, saa kumi alasiri.

Kwa Kapteni Mstaafu Okot,
Mkurugenzi, Kampuni ya Ulinzi ya Jicho Halilali.

Afande Mkurugenzi,

YAH: TAA YA TANGI LA SAMAKI KUZEEKA, NA MIMI KUSINGIZIWA

Pokea salamu za askari wako, ambaye ameketi ili aandike lakini moyoni amesimama wima. Mimi ni Sajini Mstaafu Obita, mlinzi wa zamu ya mchana hapa mapokezi, mwaka wa tisa sasa. Nimepokea barua ya ofisi yako inayoniamuru nikapimwe macho Ijumaa hii, na kwamba nikishindwa "nitapumzishwa". Afande, mimi sijachoka. Iliyochoka ni taa. Naomba nieleze kwa namba, kama tulivyofundishwa jeshini, ili pasiwe na hoja itakayotoroka.

1. Kama unavyojua, kila zamu zinapopokezana hapa tunakabidhiana mali yote kwa kitabu: redio ya mawasiliano moja, marungu mawili, funguo kumi na nne, samaki kumi na mmoja. Mwenye jengo alipoleta lile tangi miaka mitatu iliyopita, ni mimi niliyeshauri samaki waingizwe kitabuni, kwa kuwa hiyo ndiyo mali pekee hapa inayotembea yenyewe. Mwaka wa kwanza niliwahesabu nikiwa kitini. Mwaka wa pili nikalazimika kusimama. Mwaka jana nikaanza kuinama. Siku hizi nahesabu pua ikiwa imegusa kioo, na bado napata tisa. Kiti ni kile kile, kioo ni kile kile, Obita ni yule yule. Sasa niambie, Afande, kilichobadilika ni nini kama si taa?

2. Sikukurupuka. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Kansanga kwa Byron, kijana anayeuza samaki wa mapambo pamoja na taa zao, nikamuuliza bila kumzungusha kama taa za LED hupungua mwanga zinapozeeka. Akakiri mbele ya wateja wawili: "Inapungua, mzee, lakini pole pole sana. Mpaka saa elfu thelathini, hata hamsini, ndiyo unaona. Wewe kwanza nasafisha ile plastiki ya juu." Hiyo ya kusafisha niliipuuza, kwa sababu taa yetu haina pa kuchafukia. Mimi mwenyewe nilikataza isivuliwe nailoni iliyotoka nayo dukani, na hadi leo imeivaa, sawasawa na rimoti ya televisheni ya hapa na redio yangu ya nyumbani. Ndivyo mtu anavyotunza mali. Basi nikapiga hesabu. Taa huwaka saa kumi na mbili kwa siku, kwa miaka mitatu ni saa elfu kumi na tatu na ushee. Byron anasema hapo taa bado ni msichana. Lakini Byron hajawahi kulinda mapokezi. Saa moja ya mapokezi ni saa mbili za watu wa kawaida, hasa baada ya chakula cha mchana, na mlinzi yeyote ataliapia hilo. Kwa hiyo tunazo elfu ishirini na sita. Ongeza Jumapili zote na Krismasi tatu ambazo taa hiyo haikupewa likizo, utaona kwamba elfu thelathini imeshapita zamani na sisi tumekaa kimya.

3. Uzee huu unaambukiza. Tangu taa ilegee, maandishi ya daftari la wageni nayo yamesinyaa, na wageni wa siku hizi wanaandika majina yao kama wanaibiana siri. Namba za magari yanayoingia getini zimepunguzwa ukubwa, sijui kwa idhini ya nani. Jumatatu nilimpigia saluti Mama Ayot, muuza chai, nikamfungulia lifti hadi ghorofa ya tatu nikidhani ni mkeo. (Alipanda, Afande. Akauza chupa nzima huko juu.) Hata nyumbani, umbali wote huo kutoka kwenye tangi, juzi nilitia chumvi kwenye chai, na mke wangu Goretti akasema maneno ambayo siwezi kuyaweka katika barua ya kiofisi. Nilimweleza kwamba mtu anaweza kushinda kwenye mwanga hafifu akaubeba hadi nyumbani, kama mafua. Hakuelewa.

4. Taa ina upendeleo. Imewaficha samaki wawili, lakini haijathubutu kumficha Kamanda. Nadhani unamkumbuka: yule mkubwa mweusi wa kona ya kushoto. Samaki wengine wanazurura ovyo, hawajui zamu wala mstari, ila Kamanda tangu siku ya kwanza hajaondoka kwenye lindo lake. Anatoa mapovu tu kwa utaratibu, usiku na mchana. Mimi humpigia saluti kila asubuhi nikifika, na sioni aibu kukuambia. Hata chakula simwoni akikigombania. Kama taa ingekuwa ya haki, ingewamulika wote kama inavyommulika yeye.

5. Sasa kuhusu Jalia, binti wa zamu ya jioni. Ni mfanyakazi mzuri, anatoka Bombo kwenye familia ya askari, sina ugomvi naye. Lakini kila jioni ananipokea kwa neno moja: "Mzee, samaki iko kumi na moja. Wewe nahesabu namna gani?" Naye anaandika kumi na mmoja chini ya tisa yangu, kwa wino wa buluu, na ndiyo maana ofisi yako ikashtuka. Nimemchunguza. Hainami, hagusi kioo, anatupa jicho mara moja tu akitafuna mandazi. Hiyo si hesabu, ni makisio ya ujana. Napendekeza achunguzwe yeye hao wawili anawatoa wapi.

6. Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Taa ipimwe Ijumaa badala yangu. Ikishindwa, istaafishwe kwa heshima, kwa gwaride dogo. Nipewe cheti chenye mhuri kinachosema taa ndiyo iliyozeeka, nikionyeshe kazini, na hasa nyumbani. Na mpaka taa mpya ifike, tisa iwe ndiyo hesabu rasmi, na samaki wale wawili waandikwe watoro.

Afande, nakuomba usiichukulie barua hii kwa wepesi. Nikiondolewa kwenye meza hii sina pengine pa kuvalia sare. Nina miaka hamsini na minane, na kitu ninachokijua vizuri duniani ni kutazama.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mwambie lifti iko wazi kwake siku yoyote. Msalimie Habibah aliyeipiga chapa ile barua, ingawa herufi zake ni ndogo mno. Wasalimie madereva, walinzi wa Bwaise wanaosimama kwenye maji kila mvua ikinyesha, na yeyote atakayeuliza hali yangu.

Wako aliye macho,
Sajini Mstaafu Obita

Nyongeza, kabla sijafunga bahasha:

Jalia amewahi kufika leo, akaisoma barua hii nikiwa natafuta gundi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi akaibandua ile nailoni, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ya ganda la kitunguu. Afande, mwanga ulimwagika mpaka kwenye daftari la wageni. Taa ni nzima kabisa, ni kama imenunuliwa jana. Nilifurahi kwa dakika nzima, ndipo nikakumbuka kwamba taa nzima ni shahidi mbaya kwangu. Nikahesabu: tisa. Nikarudia: tisa.

Jalia hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alifungua mkoba akanipa miwani ya mama yake, aliyokuwa ametoka kuichukua kwa fundi. Nikaivaa. Samaki ni kumi na mmoja, wote wapo, na kuna mmoja wa mistari ambaye hatujawahi kufahamiana. Naomba binti asichunguzwe, tena aongezewe cheo.

Lakini kumi na mmoja hao ni bila Kamanda. Kamanda ni pampu ya hewa. Nimempigia saluti kwa miaka mitatu.

Ijumaa nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya macho. Kama miwani inaruhusiwa na sare, naomba unihifadhie kiti changu. Kitabu nimeshakisahihisha kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa miwani ya mama Jalia: samaki kumi na mmoja, taa moja, na pampu moja nyeusi, ipo kazini.