Jino la Chuma na Mayai ya Nairuzi

Alhamisi, 24 Hut
Presha imepanda tena. Daktari Humaira akaniuliza mara ya mwisho nilicheza lini. Nikamjibu mimi ni karani mkuu wa posta, nina miaka hamsini na mitatu. Akasema hakuniuliza umri. Nicheze, nicheke, nirudi baada ya Nairuzi, mwezi huu wa Hut ukiisha na mwaka mpya kuanza; isiposhuka, chumvi basi. Na achari ya mke wangu Shahgul je? Heri kifungo.
Nitacheza. Ila mtu mzima huanzia wapi? Nimefungua daftari jipya.

Ijumaa, 25 Hut
Uchunguzi. Kila Nairuzi wanaume wa mtaa wetu hugonganisha mayai ya kuchemsha, ncha kwa ncha. Lako likipasuka, mwenzako analichukua. Shemeji yangu Ghausuddin, mwokaji mikate, amenilia mayai miaka tisa mfululizo. Huyamenya mbele yangu, taratibu.
Ajabu ni kwamba wengine wakishindwa hucheka. Wanacheka nini? Nimewaza mpaka chai ikapoa. Nimeandika: anayeshinda hucheka, anayecheka hushusha presha. Basi nishinde.

Jumapili, 27 Hut
Sokoni. Yai gumu hujulikana kwa kuligonga kwenye meno ya mbele. Likilia kama kokoto, chukua. Leo kila yai lilinililia kama kokoto. Bahati gani hii! Nilipofika la arobaini, Bibi Mahtab muuza mayai akauliza nimekuja kununua au kupiga ngoma. Nimechukua ishirini.
Shahgul ameyashika, akasema, “Baba Yalda, haya ya kuku wazee, ganda kama karatasi.” Wanawake hawana masikio ya mambo haya.

Jumatano, 1 Hamal
Nairuzi, mbele ya duka la mikate. Ghausuddin kanipokea kwa upole: “Karibu shemeji, sijanywa chai, nakungoja wewe.”
La kwanza likapasuka. La pili. La tano. La saba lilipasuka mkononi mwangu kabla halijaguswa. Ghausuddin akaona huruma, akauliza niliyapimaje. Nikamwonyesha. Akainama, akachungulia mdomoni mwangu kama anayetazama tanuri. Akauliza jino hili la mbele nililitia lini. Nikamwambia, kipupwe hiki. La chuma.
Kisha mtu mzima yule akakaa chini, kwenye unga. “Shemeji, kwa jino hilo hata mkate laini ungelia!”
Mtaa mzima ukaangua kicheko. Nami, sijui kilitoka wapi, nikacheka hadi machozi. La ishirini nililivunjia kwenye kipara chake. Tukayala yote pale pale. Chumvi ilisahaulika nyumbani, na hakuna aliyeiulizia.

Jumapili, 5 Hamal
Presha imeshuka. Daktari Humaira akauliza nilifanya nini. Nikamweleza kwa kirefu: uchunguzi, daftari, nidhamu. Akauliza kama nilicheza. Nikasema sikupata nafasi, nilikuwa nashindwa. Akageukia dirishani, akakohoa kikohozi kirefu.
Achari imerudi mezani. Na mpango wa mwakani uko tayari: kuku sita, chokaa kwenye pumba zao ili maganda yawe magumu, na kupimia jino la kushoto, ambalo ni langu. Ghausuddin asijue. Nimeanza banda leo, hata chakula cha mchana sijala. Moyo unadunda, masikio yanavuma, nimemfokea Shahgul kwa ajili ya msumari mmoja.
Nadhani ndiyo dawa inaingia.