Vitambaa Viwili vya Jaji Kinyozi

Kama haki ingekuwa na sura, basi ingefanana na Kinyozi. Hivyo ndivyo alivyodai Kinyozi mwenyewe. Katika kibanda chake aliamua kila ubishi ulioingia: mpira, ndoa, siasa, hata kama paka ana akili kuliko mbwa. Na tangu aanze kazi, hukumu yake haikuwahi kupingwa!

Ni kweli, haikupingwa. Mteja gani atabisha huku wembe umetua kooni?

Basi mwenye gereji alipoandaa shindano la kuchana mistari, lile la marapa wawili kurushiana matusi kwa vina, akakosa jaji wa tatu, Kinyozi hakungoja kuombwa mara mbili.

"Rap ni nini? Si shairi lililobanwa na haja! Nitawapimia mpaka gramu ya mwisho."

Jumapili ilipofika akavaa suti ya harusi yake, ambayo kifungo cha tumboni kilikuwa kimeshakata tamaa. Mkewe akawa anamtazama anavyopigana na tai.

"Baba Pacha."

"Naam, mke wangu."

"Unajua leo anachana mdogo wangu."

"Najua. Lakini haki haina shemeji."

"Sawa. Basi jioni haki ikupikie."

Kinyozi akacheka. Alipofika gereji kicheko kikamkauka mdomoni. Mpinzani wa shemeji yake alikuwa Cheche, binti mchomeleaji wa gereji hiyohiyo, na nyuma yake walisimama mafundi wote, mikono myeusi kwa grisi. Vichwa vyote vile alivinyoa yeye! Ilikuwa kama kuitazama riziki yake imepangwa mstari.

Fundi mmoja akajipapasa utosi. "Jaji, kuna kinyozi mpya kafungua ng'ambo ya barabara. Sijaenda." Akajipapasa tena. "Bado."

Na mbele kabisa, juu ya kiti kilichong'olewa garini, alikaa mama mkwe, mkoba mapajani, ametulia kama mlima.

Kila jaji aliwekewa vitambaa viwili: chekundu cha Cheche, cha buluu cha Msumeno, yaani shemeji, ambaye ni seremala. Kazi ya jaji ni kuinua kimoja. Kazi ndogo tu!

Cheche akaruka juu ya trela, jukwaa la siku hiyo:

"Unajiita Msumeno, meno yako ya plastiki,
Mbao ikikuona inacheka, haikatiki!
Ulimtengenezea bibi kiti, akakisifu kwa dua,
Alipokikalia tu, kikamtupa kwenye ua!"

Mafundi wakapiga mabati. Mama mkwe akasonya, kisha akajificha nyuma ya mkoba, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Msumeno akapanda bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchota maji:

"Cheche huruka juu, kisha huzima chini,
Geti ulilochomelea limemlalia jirani!
Ulipima kwa macho, ukakata kwa kubahatisha,
Mlango haufunguki, mwenye nyumba apita dirisha!"

Uwanja ukalipuka! Hata mafundi, mahasimu wake, walishika mbavu.

Wakachana tena, na tena. Na tumpe Kinyozi haki yake: sikio alikuwa nalo. Aliisikia kila pigo lilivyotua, na moyo wake ukajua jambo la kutisha. Watoto wale walikuwa sawa kabisa, kama ncha mbili za masharubu yaliyopunguzwa na mkono mmoja.

Jaji wa kwanza, mwalimu mstaafu aliyehesabu mizani kwa vidole, akainua cha buluu. Wa pili, fundi redio, akainua chekundu.

Macho yote yakamgeukia Kinyozi. Upande huu, mafundi wakajipapasa vichwa kwa pamoja. Upande ule, mama mkwe akakohoa. Kikohozi kidogo tu, lakini kilibeba ukoo mzima.

Kinyozi akasimama. "Ndugu wananchi! Hukumu ni kama unyoaji. Unaanzia kisogoni, unakwenda pole pole..."

"Kitambaa!"

"Nakuja huko! Hekima haikimbizwi..."

"Ki-ta-mbaa!"

Akafumba macho, akainua vyote viwili.

Mwenye gereji akapiga kelele kwa furaha. "Sare! Jaji katoa sare! Na kanuni yetu, niliyoisoma wakati yeye anapigwa picha, inasema hivi: jaji akishindwa kuwatenganisha, apande achane nao!"

Kabla hajapata pa kukimbilia, alikuwa juu ya trela, kipaza sauti mkononi.

"Mimi ni Kinyozi," akaanza.

"Ehee!"

"Mimi ni Kinyozi... nanyoa... nanyoa watu..."

"Watu gani?"

Akafikiri. Jasho likamtiririka shingoni. "Wenye nywele!"

Mahali fulani spana ikaanguka.

Cheche akamwonea huruma, kwa namna yake:

"Kinyozi kaja kupima, kaja na suti na tai..."

Msumeno akamalizia, bila hata kumwangalia:

"Kaombwa aseme neno, shemeji, kaliatamia kama yai!"

Watu wakaanguka juu ya matairi! Wapinzani wawili walikumbatiana kwa kicheko, kando yao suti imesimama peke yake.

Mwenye gereji akafuta machozi. "Mama, wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Tuamulie, nani kati ya watatu hawa?"

Mama mkwe akainuka taratibu. "Mimi vina sivijui. Ila huyu mwanangu na huyu binti, kwa kweli siwezi kuwatenganisha."

Kinyozi akaruka kwa furaha. "Mmesikia? Sare! Si ndivyo nilivyosema, mama?"

"Sare ni ya wawili, mkwe wangu." Akageukia mafundi. "Huyu mpeni maji, akae."