Malalamiko Dhidi ya Tamthilia ya Alhamisi Iliyotuharibia Dansi

Kwa Mkurugenzi wa Televisheni,
Barranquilla.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, mimi Nicanor Altahona, mwalimu wa dansi, naomba muiondoe hewani tamthilia yenu ya Alhamisi, ile ya Marisol aliyebakwa na mtu anayemfahamu, na jinsi anavyojiinua tena. Imetuvuruga. Sababu zangu ni hizi:

1. Imeua bolero, dansi yetu ya taratibu ya watu wawili. Zamani mwanamume alishika kiuno, mambo yakaanza. Sasa wanafunzi wangu wanaomba ruhusa! Jumamosi Wilfrido alimuuliza mjane Nubia, "Naweza kukushika kiuno?" Nubia akajibu, "Hebu nifikirie." Akafikiria mpaka wimbo ukaisha. Ndipo akasema, "Haya, shika." Muziki hakuna. Wakacheza hivyo hivyo!

2. Rafiki yangu Erasmo, mtu wa kubusu watoto wapende wasipende, alimwinamia mjukuu wangu. Mtoto akamwekea kiganja usoni: "Sitaki busu, nataka arepa." Erasmo akanuna, akaenda kununua arepa, ule mkate wetu wa mahindi. Sasa watoto wote wa mtaa wanataka arepa, na lawama naletewa mimi.

3. Mke wangu Betulia. Juzi nilimkumbatia jikoni kama nilivyozoea.

"Umeuliza?"

"Betulia, tuna wajukuu!"

"Na hao wanaulizwa siku hizi."

Nikauliza. Akasema ndiyo kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba wetu. Moyo ukanidunda kama ngoma za kanivali, jambo ambalo daktari amenikataza.

4. Hili ndilo zito. Mpwa wangu Yurleidis alikuwa mchezaji wangu bora. Mwaka juzi, baada ya sherehe moja, aliacha dansi ghafla. Tukasema ni maringo. Basi Alhamisi moja tukitazama, Marisol aliposema, "Nilinyamaza kwa hofu, sikukubali," Yurleidis akazima feni ili tumsikie yeye vizuri. "Mjomba, na mimi sikukubali." Supu ikaungua jikoni. Betulia akamuuliza kama anataka kukumbatiwa, akataka. Wakalia, wakala supu ile iliyoungua, wakalia tena. Sasa kila Jumanne anaenda kwa mshauri, na kesi ameifungua polisi. Yule kijana mwenye sherehe, aliyekuwa anasalimiwa na kila mtu, siku hizi anapita uchochoroni. Mnaona mlivyotuvunjia ujirani?

Kwa hiyo ifuteni, tena haraka.

Nisalimieni mafundi na waigizaji wote, hasa yule mama yake Marisol. Mwambieni Betulia anamwombea kanisani.

Wenu mwenye uchungu,
Nicanor Altahona

N.B. Alhamisi iliyopita umeme ulikatika Marisol akiwa mlangoni mwa mahakama. Tafadhali sana rudieni kipindi hicho, mtaa mzima haulali.

Jambo jingine. Jana Yurleidis alikuja uwanjani kwangu amevaa viatu vya dansi. Nikamnyooshea mkono. "Ungependa tucheze, mwanangu?" Akanitazama, akatabasamu. "Hapana, Mjomba." Alilitamka kwa raha, kama anaonja embe, na uwanja mzima ukampigia makofi. Nikakaa chini nikishangilia kuliko wote. Akaingia katikati akacheza peke yake, nywele zikiruka, na hakuna aliyethubutu kuzima muziki.