Mke Wangu Hatakimbia

Jumatatu, 25 Novemba 1974

Syombua amejiandikisha kwenye mbio. Mbio! Na tumbo la miezi mitano! Na habari yenyewe sikuipata nyumbani, nimeipata stesheni kutoka kwa Ndambuki, msimamizi wa makuli, ambaye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta na pia mwenyekiti wa kamati ya mbio. Alinieleza huku akicheka. Mke wake Katuku atakimbia pia, na Katuku hana mimba.

Ni mbio za harambee, za kujenga chekechea ya kanisa. Jumamosi ya tarehe saba wanawake watatoka uwanjani hapa Voi mpaka njia panda ya Ikanga, wazunguke pipa, warudi. Wa kwanza atapewa cherehani. Syombua anaitaka cherehani hiyo kuliko anavyonitaka mimi. Anasema mtoto akija hataweza tena kibarua cha mkonge, lakini kushona mtu anashona nyumbani.

Nikamkataza. Akasema Sista Elsie wa zahanati amempima na kumruhusu. Nikamkataza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniongezea mchuzi.

Ni kweli mwaka jana nilijivuna stesheni nzima kwamba mimi ndiye kocha wake. Mwaka jana hakuwa na mtu tumboni. Mtoto huyu tumemngoja miaka minne. Miaka minne nikienda kwetu mama yangu ananitazama tu, haulizi. Naogopa, na hapa ninapojiandikia mwenyewe sioni haya kusema hivyo. Hatakimbia.

Jumatano, 27 Novemba

Mpango wa kwanza. Mtu hakimbii bila raba. Asubuhi nikazichukua raba za Syombua, nikazifunga kwa gazeti, nikazificha stoo ya mizigo, kule ninakofanya ukarani. Akili iliyoje! Mchana makuli wakapakia treni ya Taveta, na kila kilichofungwa wakakipakia. Saa hii raba za mke wangu zinakaribia mpaka wa Tanzania.

Jioni akakimbia peku. Amerudi anameremeta. Anasema raba zilikuwa zinambana tangu miguu ianze kuvimba, na aliyeziiba Mungu ambariki. Nikaitikia amina. Raba zenyewe nilizinunua mimi.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda kwa Sista Elsie kumshtaki Syombua. Sista ni Mtaita wa Wundanyi, mtu wa maneno machache. Zahanati iko juu kidogo, kwa hiyo nilifika nikihema. Kabla sijafungua mdomo akanikalisha, akanifunga ule mpira wa kupima presha, akatikisa kichwa. Akasema katika nyumba yetu yuko mtu mmoja asiyefaa kukimbia, naye si Syombua.

Halafu akanipa sheria. Mwanamke aliyezoea mbio tangu zamani, mimba yake ikienda vizuri, anaweza kukimbia polepole. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, aendelee. Akishindwa, atembee. Akisikia maumivu au kizunguzungu, asimame hapo hapo. Syombua ameahidi kufuata. Nikamwomba Sista angalau Jumamosi awe na machela tayari uwanjani. Akakubali, huku akinitazama mimi.

Jioni nikaona sheria ikifanya kazi. Syombua anakimbia akizungumza na Priscilla, binti wa jirani. Anazungumza nini? Mimi! Nilivyoziba bati linalovuja kwa ugali. Ninavyolala na soksi. Sentensi nzima nzima, bila kukatika pumzi, kutoka kwetu mpaka reli. Mtaa wote sasa unajua.

Jumapili, 1 Desemba

Nimepata! Wakati wa mahubiri, wazo likanijia kama nimelipokea kwa posta. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye Syombua anamwogopa, naye ni mama yake. Mama mkwe anakaa Maungu, si mbali. Nimempa ujumbe dereva wa lori: mama aje upesi, binti yake anataka kumkimbizakimbiza mjukuu wake kabla hajazaliwa.

Nimekula vizuri leo. Hata Ndambuki nimemsalimia.

Jumanne, 3 Desemba

Mama mkwe amefika.

Mungu wangu, sikufikiri. Sisi Wakamba mtu hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye, haketi naye, jina lake halitaji hata kwenye daftari kama hivi. Ukikutana naye njiani, unaacha njia unaingia kichakani mpaka apite. Vijana wengine wa mjini wameacha. Mimi sikulelewa hivyo. Na nyumba yangu ni chumba kimoja na jiko!

Nimerudi kutoka kazini nikasikia sauti yake ndani, nikageuka na mkoba wangu mkononi. Sasa nalala stoo ya mizigo, juu ya magunia ya vitunguu. Chakula nakula kwa Ndambuki, ambaye hawezi kumeza kwa kicheko. Amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katuku akaniongezea ugali kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi.

Tumezungumza, mimi na mama mkwe. Mimi nimesimama nyuma ya choo, yeye ndani ya jiko, Syombua katikati akibeba maneno. Nikauliza kama mama ameona hatari hii. Jibu likaja kwamba mama alipokuwa na mimba ya huyu Syombua alikuwa akiteka maji mtoni na kuyapandisha mlimani kila siku, na uchungu ulimshika akiwa na mtungi mgongoni, na mtungi haukuvunjika. Kwa hiyo kukimbia mikono mitupu anaona ni mapumziko. Tena anauliza kwa nini binti yake hana raba.

Nimeagiza askari, nimeletewa jeshi la adui.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo kamati iliwaonyesha wakimbiaji njia. Nilikusudia kumvizia Syombua barabarani nimsihi kwa upole. Nikasimama kwenye kona ya kwanza. Nani anakuja nyuma yake na kibuyu cha uji? Kichakani! Nikazunguka mpaka kona ya pili. Kichakani! Nina miiba sehemu ambazo siwezi kuzifikia, na hakuna mtu wa kumwomba.

Katuku hakuja kuonyeshwa njia. Ndambuki alisema bingwa haonyeshwi njia.

Lakini nimemwomba Ndambuki kazi, naye amenipa. Nitakuwa mwamuzi wa njia panda ya Ikanga, mbali kabisa na mama mkwe. Nina kofia na bendera nyekundu. Mwamuzi ana haki ya kumtoa mkimbiaji yeyote anayeonekana amechoka. Syombua ataonekana amechoka. Nimekwisha amua.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Nilifika njia panda mapema. Jua kali, na pipa la kuzungukwa limewekwa katikati ya njia, mahali pasipo kivuli. Nikalibiringisha mpaka nyuma ya mgunga, nikalikalia. Kwani ubaya uko wapi? Njia panda alikuwepo mtu mzima mwenye bendera.

Mara nikawaona wanakuja. Mbele yao wote baiskeli ya Ndambuki, ikifungua njia. Na kwenye karia ya baiskeli, amekaa upande, kibuyu mapajani, mama mkwe! Ndambuki alimbeba makusudi, aone nitafanya nini.

Sikuamua. Miguu iliamua. Niliingia kwenye mkonge na bendera yangu na kofia yangu, nikalala chini. Ndambuki alipoona hivyo akacheka mpaka usukani ukamponyoka. Baiskeli ikaingia mtaroni. Mama mkwe akaruka akasimama wima, ila uji ukamwagikia Ndambuki machoni. Katuku akafika akiwa wa kwanza, na wenzake wawili nyuma. Pipa hakuna. Mwamuzi hakuna. Mumewe yuko mtaroni anapangusa uji. Wakapita pale pa kugeukia, wakanyoosha moja kwa moja njia ya Mwatate, mbio kama wanafukuzwa.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua, inakuja taratibu. Ilikuwa ikimweleza mwenzake jinsi nilivyopeleka raba Taveta. Kumbe anajua! Sentensi nzima, pumzi haijakatika. Ikageuka pale pale inapotakiwa kugeuka, na wengine wakaifuata.

Hapo Ndambuki akaanza kupiga kelele akimwita Katuku arudi. Mimi mle kwenye mkonge sikusikia jina. Nilisikia kelele za mtu aliyeona balaa, basi. Nikajua Syombua ameanguka. Nikajua mtoto amekwenda. Nilikimbia, mimi nisiyefaa kukimbia, nikikata katikati ya mkonge mpaka uwanjani, miiba kila upande, nikilia kama mtoto, na waliokuwepo watasema hivyo wakiulizwa.

Syombua alikuwa amesimama kando ya cherehani, anakunywa maji. Nikaanguka miguuni pake. Sista Elsie hakushangaa. Machela ilikuwa tayari. Katika mbio zote za leo mtu aliyebebwa ni mmoja tu.

Ndambuki alikuja kudai mbio zirudiwe. Kamati ikasema njia ilionyeshwa Alhamisi, na asiyefika ni shauri yake. Akanitazama. Nikafumba macho.

Mama mkwe alinipa kisogo, kwa heshima, akampa Sista uji uliobaki anipe. Syombua akapiga magoti kando ya machela. Akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Kitu kikapiga teke, kwa nguvu.

“Anauliza baba yake amefika wa ngapi,” akasema.

Nililia tena. Machozi mengine yalikuwa ya miiba.

Jumapili, 20 Aprili 1975

Msichana! Mzima, mnene, miguu mirefu. Ana wiki tatu. Mama yangu alikuja kumtazama, na safari hii alizungumza kutwa nzima. Cherehani inalia tangu asubuhi, sare za chekechea.

Mama mkwe bado yupo, anasaidia mtoto. Mimi bado nipo juu ya vitunguu. Mtoto naletewa dirishani.

Leo Syombua ametangaza kwamba Sista Elsie akimruhusu ataanza tena kukimbia, maana mbio za Madaraka ziko karibu. Mwanamke anayenyonyesha! Nimemkataza kupitia dirishani. Mama mkwe, kutoka jikoni, amemuunga mkono.

Nimefikiri sana, na sasa naona kosa la mpango wa pili. Nilimwita mtu ambaye Syombua anamwogopa. Nilipaswa kumwita mtu ambaye mama mkwe anamwogopa. Nimempa dereva wa lori ujumbe: baba mkwe aje upesi, na aje na blanketi zake, akae mpaka mambo yatulie.

Ndambuki ameniuliza baba mkwe akifika atalala wapi. Watu wengine hawaoni mbali.