Siku Bahari Ilipofika Mlali

Pili wa ng'ambo ya mfereji anadai kwamba bahari iliingia Morogoro siku ya Jumanne, kwa gari moshi, ikiwa ndani ya bahasha. Anadai aliiona kwa macho yake pale stesheni, alipokwenda kuuza ndizi. Mzungu mmoja aliishusha kutoka behewa la kwanza, askari wawili wakaipigia saluti, wakaipeleka Boma. Mmoja akiibeba, na mwenzake akiwa hana kazi nyingine ila kuangalia isidondoke.

Bernadeta alimzoea jirani yake. Kwa kawaida habari ya Pili aliikata nusu, halafu ile nusu iliyobaki akaikata tena. Safari hii hakukata kitu, maana siku ya Ijumaa akida mwenyewe aliitisha baraza pale Mlali akatangaza habari ile ile, ila yeye aliitangaza akiwa amevaa joho.

"Kwa amri ya Serikali Tukufu ya Mdachi," akasema Akida Hatibu, "kuanzia leo Mlali ina pwani."

Watu wakatazama mkono wa kulia, wakaona milima ya Uluguru. Wakatazama mkono wa kushoto, wakaona mbuga. Mbuzi wa mtu akapiga chafya.

"Pwani ya wapi, akida?" akauliza mzee Lukasi, mjomba wake Bernadeta na mkubwa wa ukoo.

"Ya hapa hapa."

"Na bahari?"

"Bahari ni shauri la baadaye, mzee. Kwanza pwani."

Jambo lenyewe lilikuwa la maana sana, na yafaa lielezwe kwa heshima yake. Ndani ya bahasha ile kulikuwa na Karatasi ya Maelezo ya Wilaya, yenye maswali arobaini na moja, katika milango minne: Nchi, Tarikhi, Utawala na Mali. Ilikuwa imepigwa chapa kwa ajili ya wilaya za pwani. Mtu asiye na elimu ya kiserikali angedhani kwamba karani fulani huko Dar es Salaam alichukua bunda lisilo lake, karatasi ikapotea njia. Bwana wa Boma, mkuu wa wilaya, alikuwa na elimu hiyo. Alisoma swali la kwanza, "Pwani ya wilaya hii ina urefu gani?", akatafakari siku mbili, mwisho akaligundua kosa. Kosa lilikuwa la wilaya.

Akaipeleka karatasi kwa Akida Hatibu ili airekebishe wilaya.

Akida alizaliwa mahali ambapo ukifungua dirisha chumvi inaingia. Alijua vizuri bahari ilipo, na idadi ya siku za kutembea mpaka kuifikia. Lakini chini ya karatasi palikuwa na mstari mmoja mfupi: asiyejibu swali hata moja atapata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mgongo wa akida haukuwahi kubeba hata kuni, na hakuona sababu ya kuuanzishia kazi na kiboko. Akajibu yote.

Mto unaopita Mlali akauandika bahari. Karatasi ilisema kwamba hatua mia moja kutoka ukingo wa maji ni ufukwe, mali ya Serikali, haulimwi wala haujengwi. Basi akida akahesabu hatua kwa miguu yake mifupi, akasimamisha vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akamweka askari mmoja, Mikidadi, alinde pwani isiibiwe.

Ndani ya vijiti vile mlikuwa na shamba la Bernadeta. Maharage, tuta kwa tuta, yalikuwa yamebakiza majuma matatu. Lilikuwa shamba la bibi yake, kisha la mama yake, kisha lake, kama desturi ya Waluguru ilivyo: ardhi inafuata upande wa mama. Nyumba yake nzima ilikula kutoka hapo, na hapakuwa na tuta jingine.

Alikwenda barazani kwa akida.

"Shikamoo, akida."

"Marahaba. Sema upesi, niko katikati ya mlango wa Tarikhi."

"Nimekuja kwa ajili ya shamba langu. Ardhi ile ni ya ukoo wetu, alinipa mama."

Akida akacheka hata kofia ikamwendea upande. "Ardhi ya akina mama! Ninyi watu wa milimani mtaniua. Mimi nyumba hii nimeijenga, kuna bibi niliyemwomba?"

Hakuwako, kweli. Alipohamia Mlali miaka miwili nyuma, mzee Lukasi alimweleza utaratibu: mgeni huja na kuku, huuomba ukoo mahali, na kila mavuno huleta kikapu kimoja, ndiyo ngoto yenyewe, na ukoo humtembeza, humwonyesha panapofaa nyumba na pasipofaa. Akida alisema mtumishi wa Serikali hatembezwi na kuku. Akachagua mwenyewe uwanda mzuri, karibu na mto, wenye upepo. Hakuomba, basi hakuonyeshwa. Hata Bwana wa Boma alipotaka nyumba ya kupumzikia akiwa safarini, aliijenga hapo hapo nyuma ya akida, kwa sababu ya ule upepo.

"Maharage yamebakiza majuma matatu," alisema Bernadeta. "Niruhusu nivune tu, kisha ufukwe mchukue."

"Umewahi kuona maharage ufukweni?"

"Sijawahi kuona ufukwe, akida."

"Basi usibishane na wanaoujua. Peleka maombi kwa Mkuu wa Bandari."

"Ndiye nani?"

Akida akavua kofia moja, akavaa nyingine yenye nanga ya bati. "Mimi. Swali la ishirini na sita limemtaka, nikajiteua. Lakini Mkuu wa Bandari hasikilizi maombi siku ya Ijumaa, na leo ni Ijumaa. Nenda."

Kazi ya Serikali ikaendelea kwa kasi. Mlango wa Tarikhi uliuliza wenyeji walifika kwa meli gani. Mzee Lukasi akaitwa.

"Sisi? Tulikuja kwa miguu, kutoka huko nyuma ya milima."

Akida akaandika: Wenyeji walifika kwa miguu, meli ikiwa imechelewa.

Mlango wa Mali ukataka samaki. Wanawake wakapelekwa mtoni na makapu, wakashinda humo mpaka viuno vikawauma, wakarudi na kambale watatu na kaa mmoja wa mtoni aliyekatika gando. Akida akamwinua yule kaa mbele ya watu, akaandika: Kaa wapo. Mmoja amefika kwa niaba ya wenzake.

Kila asubuhi Bernadeta alikwenda kukaa nje ya vijiti, akayatazama maharage yake yakiiva bila ya ruhusa.

"Dada," Mikidadi alimwuliza siku moja, "hivi hii bahari inakuja lini? Mimi sijui kuogelea."

"Mwulize Mkuu wa Bandari."

"Nimemwuliza. Kasema nisimame imara."

Nakala ya karatasi ilikuwa imegongomewa kwenye mlango wa baraza, ili wananchi waone jinsi wilaya yao inavyojibu. Bernadeta alikuwa amesoma miaka mitatu kwa mapadri, kiasi cha kusoma kwa kidole, neno baada ya neno. Akirudi kutoka vijitini alisimama pale, akasoma swali moja au mawili, akaenda zake. Watu walidhani anajipumbaza.

"Shoga, yale maandishi yanaota maharage?" Pili alimtania.

"Bado. Nimefika la kumi na saba."

Swali la kumi na saba lilisema: Maji yakijaa hufika wapi? Ukingo wa bahari ni hapo, na ufukwe huhesabiwa kuanzia hapo. Jibu la akida lilikuwa neno moja: Hayajai. Bernadeta alilirudia kwa kidole mara mbili. Siku tano baadaye alifika swali la thelathini na mbili, akalirudia mara tatu.

Juma la tatu Bwana wa Boma akaja mwenyewe juu ya punda, na mnyororo wa kupimia, kuithibitisha pwani. Alipima, akaandika, akasifu vijiti. Alipofika swali la kumi na saba akasimama.

"Akida. Bahari hii haijai?"

"Haijai, Bwana. Ni bahari ya adabu."

"Bahari zote hujaa. Dar es Salaam haitapokea bahari isiyojaa. Nani anayajua maji haya?"

Watu wakatazama chini. Akida akawatazama mmoja mmoja, kwa jicho lenye viboko ndani.

"Yanajaa, Bwana," alisema Bernadeta.

"Huyu ni mwanamke wa maharage, Bwana, hana—"

"Kimya. Hufika wapi?"

"Njoo nikuonyeshe."

Akamtangulia, mnyororo ukiburutwa nyuma, wakapita juu ya shamba lake, wakapanda uwanda hadi kwenye mkuyu uliokuwa hatua kumi na mbili mbele ya kizingiti cha akida. Katika panda ya mti, usawa wa kifua cha mtu, kulikuwa na matete makavu yamenasa, na tope limeganda kama lipu.

"Ni ya masika ile kubwa, kabla akida hajaja," alisema Bernadeta. "Matete hayapandi mti yenyewe. Kila mzee hapa anajua, na angeonyesha, kama angeombwa."

Bwana akachokoa tope kwa ukucha. Akalinusa. Uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata jibu refu kuliko neno moja.

"Ukingo wa bahari ni hapa," akasema, akaandika. "Hatua mia moja, pima!"

Mikidadi akapima. Hatua ya kumi na mbili ilikuwa kizingiti cha akida. Ya thelathini ilikuwa jiko lake. Ya arobaini ilikuwa mlingoti wa bendera. Ya sabini iliingia kwa mlango wa mbele katika nyumba ya kupumzikia ya Bwana, na ya themanini ikatokea kwa mlango wa nyuma. Mikidadi alizimaliza ishirini zilizobaki polepole sana, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Bwana alitazama nyumba yake mpya. Alitazama karatasi. Haulimwi wala haujengwi. Mtu mwingine angeichana karatasi, lakini Bwana alikuwa tayari ameandika kwa wino.

"Zibomolewe," akasema. "Zote. Paa kwanza."

"Bwana!" Akida alishika joho lake kwa mikono miwili. "Bwana, na shamba la huyu mwanamke je? Hilo linabaki?"

"Liko wapi?"

"Huko chini ya mti, Bwana, upande wa mto!"

"Upande huo si ufukwe tena. Ni bahari yenyewe." Bwana akafungua ukurasa mwingine. "Swali la thelathini na mbili: maji ya bahari ni huru, mvuvi yeyote asizuiwe kuvua. Wewe mwanamke unavua nini humo?"

"Maharage, Bwana," alisema Bernadeta.

Bwana akaandika chini ya mlango wa Mali: Mazao ya bahari: maharage. Kisha akapanda punda akarudi Morogoro, maana pale Mlali hakuwa tena na mahali pa kulala.

Kesho yake Bernadeta akaanza kuvua. Pili akaja kumsaidia, na Mikidadi, aliyekuwa hana tena ufukwe wa kulinda upande ule, akawashikia kapu. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kwa siku sita walikuwa wakisikia, juu kwenye uwanda, misumari ikilia ikitolewa kwenye mbao.

Siku ya saba, Bernadeta akiwa ameketi mkekani anapukuchua, mtu akapiga hodi. Alikuwa Akida Hatibu, hana joho wala kofia yenye nanga, na kwapani alikuwa na kuku mwekundu anayepiga mateke.

"Shikamoo, mama," alisema akida, mtu aliyemzidi umri kama baba yake.

Bernadeta akamsogezea kigoda.

"Nimetembezwa na kuku, kama unavyoona." Alijaribu kucheka, kicheko kikashindikana. "Mzee Lukasi amenituma kwako. Anasema ardhi iko upande wenu akina mama. Naomba mahali. Padogo tu, pasipofikiwa na maji. Na kikapu cha kila mavuno nitaleta mwenyewe, kwa kichwa changu. Unasemaje, mama?"

Bernadeta akachukua ganda jingine, akalipasua, akamimina maharage kwenye ungo. Akachukua jingine. Kuku akatulia, akaanza kuutazama ungo.

"Mama Bernadeta? Nakuomba."

Alimsikia. Lakini ilikuwa siku ya Ijumaa, siku isiyosikilizwa maombi.