Kadi za Kijivu za Kinindo

Kisanduku kilipofika kutoka Brussels, kikiwa kimefichwa katikati ya sweta mbili na chupa ya manukato, Valéry hakuona mchezo wa kadi. Aliona petroli.

Asiyeijua Bujumbura ya siku hizi atadhani kijana huyu alikuwa na homa. Katika mji ambamo madaktari huenda kazini kwa miguu, na magari mazuri hulala uani yakiwa yamefunikwa shuka kama marehemu wa heshima, kila mtu mwenye akili timamu huiona petroli katika kila kitu. Valéry alikuwa na sababu ya ziada. Dada yake Candide angeolewa Jumamosi, naye, mbele ya ukoo mzima, bilauri ikiwa mkononi, alikuwa ameahidi msafara wa magari sita. Magari yalipatikana bila shida, kwa kuwa gari lisilo na petroli huazimwa bila kinyongo. Ilibaki kuyatia uhai, la sivyo bibi harusi angevuka mtaa wao wa Jabe kwa miguu, na jina la kaka yake lingebaki vumbini pamoja na mkia wa gauni.

Kuhusu kazi yake, kadi yake ya biashara ilimtaja kuwa mshauri. Haikusema wa nini.

Mchezo wenyewe uliitwa Falme Saba. Uliingia Kinindo, mtaa wa wenye nazo, pamoja na watoto waliorudi kutoka likizo Ulaya, na wazazi wakawanyang'anya. Hadi wakati huo ulichezwa na watu wawili wawili, kila mmoja akiwa na jeshi la kadi alilolinunua, na aliyenunua zaidi ndiye aliyeshinda, jambo ambalo wakazi wa Kinindo waliliona kuwa la haki kabisa. Toleo jipya, lile la kisandukuni, lilipindua mambo. Sasa watu kadhaa huketi kwa duara, mikono mitupu. Kila mmoja hufungua pakiti, huchagua kadi moja, kisha humpitishia jirani wa kushoto zilizobaki. Naye hupokea zile za jirani wa kulia, huchagua moja, hupitisha, mpaka kadi ziishe. Jeshi lako ni kile ulichookota. Halafu wote hupigana mezani kwa pamoja, kila mmoja dhidi ya wote.

Valéry alisoma kanuni hizo kwa umakini ambao walimu wake wa sheria hawakuwahi kuonjeshwa, na akaona jambo. Katikati ya majoka na malkia waliong'aa kwa dhahabu kulikuwa na kadi za kijivu zenye picha ya ofisa anayepiga miayo. Ziliitwa Forodha, na kazi yake ilikuwa moja: kila mpinzani, kila zamu yake ifikapo, hulipa ushuru wa nguvu. Mkiwa wawili, kadi hiyo ni kero tu. Mkiwa wanne, inakula watu watatu kwa mpigo, na ukiwa nazo kadhaa, hakuna joka litakalofika vitani likiwa na meno.

Mtu mwenye elimu ndogo angefungua pakiti kwa mvuke wa birika na kuzipanga upya. Valéry alichukia ushamba wa namna hiyo. Yeye aliamua kuwasaidia watu.

Alianza na Honoré, mwagizaji wa vigae, mwenye nyumba kubwa Kinindo na tumbo la kulingana nayo.

“Patron, nimekuja kwako pekee yako.”

“Wote wanakuja kwangu pekee yangu,” alisema Honoré. “Sema.”

“Siku ya mchezo, we chukua zile zinangaa tu. Dahabu, dahabu. Za kijivu pitisha, ni takataka. Lakini usiambie mutu.”

“Wengine hawajue?”

“Patron! Kama wangejua, mi ningekuja hapa kufanya nini?”

“Na we, unapata nini?”

“Ukishinda, utanikumbuka.”

Honoré, ambaye maishani mwake hakuwahi kumkumbuka mtu, aliahidi kwa moyo mweupe.

Valéry alimpelekea siri hiyo hiyo Laure, mwanasheria wa shirika la misaada. Laure alikunja uso. “Sasa hiyo si kuiba?” “Apana, madame,” alijibu Valéry kwa upole. “Hiyo ni formation, mafunzo tu.” Akaipeleka pia kwa Hamimu, mwenye duka la dawa, ambaye alimwapisha asimwambie mtu mwingine. Hivyo kila mmoja wa watatu hao akawa na siri asiyoijua mwenzake, na siri ilikuwa moja, na ilikuwa ya uongo.

Dau lilikubaliwa kuwa bidoni mbili za petroli kwa kila mmoja; mshindi angechukua zote. Valéry, naye akiwa mchezaji, angetoa pakiti na maarifa badala ya petroli. Pesa ilikataliwa kwa kauli moja, kwani nani angeitaka?

Alhamisi alasiri walikutana barazani kwa Honoré. Bidoni sita zilipangwa ukutani, na wageni walizisalimia kwa macho kabla ya kusalimiana. Valéry aliketi kushoto kwa Hamimu. Pakiti za watu watatu zingemfikia zikiwa zimenyonywa dhahabu yote, zimeachiwa kijivu kitupu. Alikuwa anavuta pumzi ya kufungua mchezo pale geti lilipogongwa.

Aliingia mama wa makamo, kitenge chake cha kijivu, viatu vyenye mchanga wa pwani ya ziwa, mkoba ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayeingia kanisani.

“Njo hapa kwa mukwe wetu Valéry? Mi ni Consolée, shangazi ya Trésor. Dada ya baba yake kabisa. Nimetoka Uvira, nimepita Kajaga na mutumbwi, nikauliza bakwe iko wapi. Wakasema kaka ya bibi harusi iko Kinindo, anafanya mambo ya maana.”

Trésor alikuwa bwana harusi. Alikuja Bujumbura kutafuta kazi, na jamaa zake, kwa kadiri walivyokuwapo, walikuwa ng'ambo ya mpaka. Hakuna mtu wa ukoo wa Candide aliyewahi kumwona hata mmoja.

Hapa mtu wa mji mwingine angeuliza swali. Lakini kumwuliza shangazi wa bwana harusi, siku mbili kabla ya ndoa, yeye ni nani hasa, ni sawa na kuuambia ukoo mzima: hatuwaamini. Harusi zimevunjika kwa sababu ya bia ya moto. Nyingine zimevunjika kwa sababu ya kiti.

Valéry alisimama. Baraza zima likasimama. Kumpa mgeni kiti cha Honoré kungekuwa kumtukana Honoré; kumpa kiti cha pembeni kungekuwa kumtukana mgeni. Akampa cha kwake, akasogea kushoto.

“Keti, tantine. Utuangalie tu, upumzike.”

“Niangalie? Mukwe ananikataza kushika karata?”

Valéry aliinua mikono yote miwili.

“Apana! Apana kabisa, tantine!”

“Na esansi yake ya dau?” aliuliza Hamimu, akizitazama bidoni za petroli.

“Tantine ni mi, na mi ni tantine,” alisema Valéry kwa adhama, na ndipo alipoketi akagundua alichokifanya. Kila pakiti itokayo kwa wale watatu sasa ingepita kwanza mikononi mwa shangazi.

Pakiti zikafunguliwa. Honoré alitwaa dhahabu kwa pumzi za mtu anayekula kwa siri mwezi wa mfungo. Laure alichukua malkia, akajifanya amekosea. Hamimu alikusanya majoka. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, akishangaa ni vipi naye amebahatika kupenda vinavyong'aa.

“Hizi zinaumiza macho,” alisema Consolée. “Mi mujane. Nitabaki na hizi za kijivu, zinafanana na kitenge yangu.”

“Tantine, ona joka! Joka zuri!”

“Joka itanipeleka wapi? Huyu mutu wa forodha ananikumbusha marehemu bwana yangu. Angalia vile anapiga miayo.”

“Lakini tantine...”

“Mukwe, uko na haraka?”

Valéry hakuwa na haraka. Alipokea pakiti zilizopita kwake kama mtu anayepokea sahani baada ya karamu: mapambo mengi, nyama hakuna.

Vita havikuchukua muda. Sasa walikuwa watano badala ya wanne, na Forodha, bila kelele, ilikuwa kali zaidi. Honoré aliweka joka lake la kwanza mezani kwa kishindo, akalipa ushuru. Zamu iliyofuata akalipa tena. Kufikia ya tatu, joka lilikuwa, kwa hesabu halali, mjusi.

“We, Valéry,” alinong'ona, lakini minong'ono ya watu wanene husikika. “Si ulisema dahabu?”

Laure aligeuka. “Na we alikuambia dahabu?”

Hamimu aliweka kadi zake chini polepole. “Kumbe...”

Hatari ilikuwa kubwa na ilikuwa fupi. Maana kila aliyetaka kumshtaki Valéry alipaswa kwanza kukiri, mbele ya mkwe aliyevuka ziwa, kwamba alikuja mezani kuwaibia jirani zake. Laure alikohoa. Hamimu alisifu maua ya Honoré. Honoré alilipa ushuru.

“Njo nimeshinda?” aliuliza Consolée baadaye, akishika shavu. “Eh, Mungu wangu. Nimefanya nini?”

Nje ya geti pikapu ilikuwa inangoja. Valéry alizibeba bidoni mwenyewe, zote sita, na alipokuwa akizifunga kwa kamba moyo wake ulikuwa tayari umepona. Petroli ilikuwa imebaki ukoo ule ule. Ilikuwa imezunguka tu.

“Tantine, Jumamosi asubuhi magari iko Jabe.”

“Harusi bila shangazi inaitwa harusi?” alisema, na pikapu ikaondoka kwa moshi wa matajiri.

Akampigia simu dada yake.

“Candide, esansi iko! Shangazi ya Trésor ameipeleka.”

“Shangazi gani?”

“Consolée. Dada ya baba yake kabisa.”

“Valéry.” Sauti ya Candide ilikuwa tulivu kama ya muuguzi. “Baba ya Trésor alizaliwa pekee yake. Trésor analia hiyo kila siku: hana shangazi, hana ami, kanisani upande yake kutakuwa viti tu.”

Valéry aliketi ukingoni mwa barabara, suti yake nzuri ikiwa juu ya majani makavu. Ilimchukua muda kuitambua ile hisia iliyomjia, kwa kuwa ilikuwa ngeni kwake. Ilikuwa heshima.

Jumamosi magari sita yalipangwa Jabe, yamepambwa riboni na maua, na hakuna hata moja lililoweza kutikisika. Majirani waliyapiga picha. Candide alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, gauni limekusanywa mapajani, na wajomba walikuwa wameanza kuangalia viatu vyake kama watu wanaopima safari. Valéry alikuwa katikati ya maelezo kuhusu lori lililokwama mahali fulani pale honi ilipolia. Consolée aliteremka kutoka kwenye pikapu, amevaa kitenge cha dhahabu na kilemba chake. Alimvuta Valéry nyuma ya gari.

“Uko na sauti nzuri, mukwe. Jumatatu ku foleni ya esansi ulielezea rafiki yako ku simu mambo yote: harusi, Uvira, kadi za kijivu. Batu wote walisikia. Mi pekee yangu njo nilisikiliza.”

“Rudisha esansi yangu.”

“Yako?” Aliuliza kwa udadisi wa kweli. “Nne nimeuza. Mbili iko hapa, zitatosha gari ya bibi harusi. Lakini nataka kitu.”

“Nini?”

“Kiti. Cha mbele, upande wa bwana harusi. Na utanitambulisha, na ile sauti yako.”

Valéry alielewa mara moja, kama fundi anavyoielewa kazi ya fundi mwenzake. Nusu ya Kinindo ilikuwa imealikwa. Mwanamke aliyetambulishwa kama mkwe mbele ya watu wale hataulizwa swali na yeyote kati yao maisha yake yote. Hicho hakikuwa kiti, kilikuwa leseni.

“Na nikikataa?”

“Dada yako atatembea. Mi nitamupigia makofi.”

Akamtazama Candide kwenye kiti cha plastiki. Kisha akaenda kutafuta mpira wa kumiminia petroli.

Gari moja tu ndilo lililotembea. Wengine wote walilifuata kwa miguu, wajomba wakiwa mbele, na Jabe nzima ikashuhudia.

Ukumbini, Valéry alitoa hotuba ambayo wajuzi wa mambo hayo bado wanaitaja. Aliuvuka mpaka kwa maneno, akapanda mtumbwi, akalia mahali panapostahili. Consolée aliposimama, vigelegele vilitikisa bati. Honoré mwenyewe aliinuka kumpisha.

Trésor alikuwa ameambiwa kila kitu na Candide ndani ya gari. Upande wake wa ukumbi ulikuwa na marafiki wanne, na nyuma yao safu za viti vitupu zikiwa na riboni. Yule mama wa dhahabu alimwendea, akamnyoosha tai, akampangusa bega mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

“Aksanti, shangazi,” alisema Trésor, na alilimaanisha neno hilo, jambo ambalo hakuna aliyelifanyia mazoezi. Consolée alisahau kuondoa mkono.

Kwa desturi, ukoo wa bibi harusi humshukuru shangazi wa bwana harusi kwa vitenge vipya na kreti ya vinywaji, na anayepaswa kuvifikisha ni kaka mkubwa. Valéry alivibeba hadi kwenye pikapu, akamfungulia mlango. Consolée aliketi, akaviweka vitenge magotini, akamtazama kama mtu anayetazama pakiti ambayo haijafunguliwa bado.

“Na we, mukwe,” alisema, “utaoa lini?”